Majina Chini ya Msingi

Nimezaliwa na tabia ya kushuku, na sioni haja ya kuiombea radhi. Nikiletewa zawadi huigeuza kwanza nione upande wa chini. Nikisalimiwa kwa uchangamfu kupita kiasi hujiuliza huyu leo ana shida gani. Mamangu husema nilirithi kwa nyanyangu, aliyekuwa akihesabu vikombe kabla wageni hawajaingia na tena baada ya kuondoka. Kwa hivyo yule mzee wa Kijerumani alipotokea kwenye kiwanja chetu cha Kisauni, daftari mkononi, akaanza kuwauliza vijana majina yao, mimi nilikuwa wa kwanza kumtilia shaka. Aibu yangu ni kwamba nilikuwa wa kwanza pia kumcheka kila aliyemtilia shaka baada yangu.

Mimi ni katibu wa klabu ya mpira. Sikuchaguliwa kwa mapenzi. Nilichaguliwa kwa sababu makatibu watatu walionitangulia walikuwa wakiandika kumbukumbu za mikutano kwa namna ambayo kila kikao kilianza na ugomvi wa kikao kilichopita. Halafu nilikuwa najua Kijerumani. Miaka ishirini ya kukaa mapokezi katika hoteli moja ya Bamburi ilinifundisha lugha hiyo kuanzia maneno ya taulo na funguo mpaka maneno ya watu wanaolia kwenye simu. Mzee huyo alikuwa mgeni wa hoteli yetu kila mwaka. Siku moja alitoka kutembea, akapotea, akajikuta pembeni mwa kiwanja chetu, akatazama mechi nzima akiwa amesimama juani. Aliona pia wachezaji wakibadilisha nguo nyuma ya ukuta wa jirani, na jirani mwenyewe akiwatupia maneno kwa kuwa binti zake walikuwa wanaanika nguo upande wa pili.

Mwaka uliofuata alirudi na habari. Kwao, mji mdogo ambao ukilala garini utaupita bila kujua, alikuwa mtunza historia wa klabu ya michezo ya mji. Klabu ile ilikuwa imekubali kutujengea chumba cha kubadilishia nguo. Mawe, mabati, fundi, vyote juu yao. Walichotaka kutoka kwetu ni majina.

Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Lakini Kisauni tumeona wageni waliokuja na wenyeji wakahama. Mwenyekiti wetu, mzee mmoja mpole aliyestaafu bandarini, ni mtu wa Frere Town, mtaa walikowekwa watumwa walioachwa huru, na kwao wanasimulia kwamba babu wa babu yake alifika pale na jina alilopewa na mamake, akaandikwa kwenye daftari jina jingine, na lile la kwanza halijulikani na mtu mpaka leo. "Bi Katibu," aliniambia, "mtu akija na daftari, muulize kwanza daftari hilo larudi wapi."

Nilimuuliza. Mzee akacheka, akasema litarudi ardhini.

Kwao, alieleza, jengo likianza kujengwa hutengenezwa sanduku la bati, likawekwa ndani ya msingi. Humo hutiwa gazeti la siku ile, historia ya klabu, na orodha ya wanachama wote kwa mwandiko mzuri. Kisha sanduku hufungwa kwa kulehemu, likafunikwa na jiwe, na ukuta ukapanda juu yake. Siku jengo litakapovunjwa, hata kama ni baada ya miaka mia, watu watajua nani alikuwepo. Na kwa kuwa katika timu yetu wanne walikuwa na jina moja, na wawili kati yao hata la baba lilikuwa moja, aliomba kila mchezaji aandikwe pamoja na jina la mamake ili wasichanganywe.

Kwa Mjerumani hilo lilikuwa jambo la busara. Kwetu, kila mtu anajua ni nani anayeuliza jina la mtu na la mamake, akaliandika kwenye karatasi, akalizika. Nilipomhadithia mamangu, aliweka chini kisu cha vitunguu.

"Jina, na la mamake, na karatasi, na kufukiwa," alisema. "Mwanangu, hicho ni kiwanja au ni kwa mganga?"

"Mama, ni desturi yao tu."

"Hata mganga ni desturi yake."

Nilimcheka. Nilicheka pia mkutanoni, pale beki wa kushoto aliposimama akasema mkewe ni mjamzito na hataki jina lake liwekwe chini ya jiwe. Nilisimama nikatoa hotuba. Nikauliza tuko zama gani hizi. Nikauliza kama kuna mtu anayedhani Mjerumani amepanda ndege kutoka huko kwao aje aloge timu iliyo nafasi ya tisa. Watu wakacheka, na mtu akishacheka huwa ameshakubali nusu. Nahodha wetu, kijana mwenye sauti ya muadhini asiyehitaji kipaza, akafunga mjadala: "Bi Katibu amesoma. Hawezi kutupoteza." Sentensi ile nimeibeba muda mrefu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutafsiri historia ya klabu yao, kijitabu chenye jalada la kijani, ili nakala ya Kiswahili iingie sandukuni. Kila siku baada ya Alasiri nilikaa kwenye meza ya cherehani ya mamangu nikatafsiri kurasa tatu au nne. Nilianza nikitafuta makosa, nikajikuta nafurahi. Klabu ile ilianzishwa na maseremala, muoka mikate mmoja na mwalimu wa shule, katika chumba cha nyuma cha baa. Mpira haukuwemo. Walikuwa wakining'inia kwenye vyuma na kuruka viunzi, na mpira waliuona mchezo wa kigeni wa watu wasio na adabu. Vijana walipoleta mpira, klabu iligawanyika, na kwa miaka kadhaa watu wa vyuma na watu wa mpira hawakuamkiana njiani. Nilidhani nasoma habari za mtaa wetu.

Yote yaliandikwa. Mbuzi wa mjane mmoja aliyekula wavu wa goli. Mafuriko yaliyobeba milingoti ikapatikana kijiji cha pili, ambako watu walikataa kuirudisha. Wanawake walioruhusiwa kufanya mazoezi siku moja kwa juma, mapazia yakiwa yamefungwa. Kila mkutano wa mwaka, kabla ya ajenda yoyote, husimama wote yakasomwa majina ya wanachama waliokufa mwaka ule. Hapo niliweka kalamu chini, maana sisi hata kocha wetu wa kwanza hatukumbuki alizikwa wapi.

Halafu nikafika ukurasa wa hamsini na mbili. Wanajenga ukumbi wao, bendi inapiga, sanduku linawekwa kwenye msingi. Nikafunua wa hamsini na tatu: vita vimekwisha, ukumbi hauna madirisha, wanachama wanakusanya mbao. Katikati kulikuwa na sentensi moja: *Ikafuata miaka migumu.*

Nilirudi nyuma nikasoma tena. Watu walioandika rangi ya mbuzi wamesahau miaka zaidi ya kumi? Damu ya nyanyangu ikanichemka. Mtu akikuhadithia kila kitu halafu akaruka mahali, hapo ndipo pa kuchimba. Kesho yake nilimwekea mzee kidole kwenye mstari ule na kumuuliza kuna nini hapa. Uso wake ulibadilika. Akatazama wachezaji waliokuwa wakinyoosha viungo, akasema, "Nitakueleza, lakini si leo." Nikasema vyema, na moyoni nikasema, nilijua.

Basi niliandika orodha ya majina nikiwa na shuku hiyo kifuani. Sitaki kuitumia kama kisingizio, ila ndivyo ilivyokuwa.

Orodha ilikuwa ya watu ishirini na wawili. Karatasi nzito, kalamu ya wino mweusi, na mimi nina mwandiko unaosifiwa. Nilipanga kufuata namba za jezi. Sasa, jezi namba moja ni ya kipa, na kipa wetu ni ndugu yangu, kitinda mimba wa mamangu. Kabla yake mamangu alizika watoto wawili. Alipozaliwa, mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, na babetu akafariki kabla hajatambaa, kwa hivyo nimemlea mgongoni huku nikihifadhi maneno ya Kijerumani. Nilianza na namba mbili. Nikajiambia namba moja nitamwandika mwisho, apate nafasi pana.

Niliandika ishirini na moja, kila mmoja na mamake. Mama zao nawajua wote. Wengine nimekula kwao, mmoja alinishonea nguo ya harusi. Nikafika mwisho. Kulikuwa na nafasi pana kama nilivyotaka. Nikashika kalamu juu ya karatasi, nikaona jina la mamangu likiingia ardhini karibu na jina la mwanawe, nikafunika kalamu. Nikaikunja karatasi na kuitia kwenye bahasha.

Sikuamini mambo yale. Naapa sikuamini hata chembe. Lakini sikumwandika, na wana wa wenzangu niliwaandika kwa mwandiko mzuri.

Siku ya kuweka jiwe niliamka na kazi ya mahamri ya watu hamsini. Bahasha nilimpa ndugu yangu aitangulize kiwanjani, nimeikunja mdomo tu bila gundi, nikamwambia ampe mzee mkononi. Nilipofika na masufuria, sanduku lilikuwa mezani, na fundi anayetengeneza masanduku ya wanafunzi alikuwa anapasha moto chuma chake. Gazeti, kijitabu cha kijani, tafsiri yangu, bahasha. Kifuniko kikalehemiwa. Mwalimu wa madrasa aliomba dua, mwenyekiti akaomba kwa dini yake, na sanduku likashushwa kwenye msingi. Mchanganyiko wa saruji ukamiminwa, jiwe likafuata. Ndugu yangu aliniangalia kutoka upande wa pili wa shimo. Nikadhani ana njaa.

Siku mbili baadaye mzee alikuja nyumbani kuaga. Mamangu alimkaribisha kwa heshima zote, akamwekea kahawa na halua, kisha akakaa kwenye kigoda akimtazama asibanduke. Mzee alianza mwenyewe, hata sijamkumbusha.

Alisema ukumbi ule wa ukurasa wa hamsini na mbili ulivunjwa yeye akiwa kijana wa makamo, na yeye ndiye aliyelifungua sanduku. Ndani kulikuwa na orodha ya wanachama. Alikuwa amekulia katika klabu ile, anajua vitabu vyake vyote, lakini katika orodha ile kulikuwa na majina kumi na moja ambayo hajawahi kuyaona popote. Aliuliza wazee, wazee wakaangalia madirisha. Kidogo kidogo akajua. Walikuwa Mayahudi wa mji. Mmoja alikuwa miongoni mwa waasisi, yule muoka mikate. Serikali mpya ilipoingia, klabu iliandika orodha nyingine, safi, na wale kumi na moja hawakuandikwa. Hakuna mkutano uliowafukuza, hakuna aliyepiga kelele. Karatasi mpya tu.

"Na walikwenda wapi?" niliuliza.

"Wawili waliondoka nchini," alisema. "Waliobaki waliuawa."

Mamangu akauliza mzee anasema nini. Nikamwambia ngoja kwanza.

"Mwandiko wa orodha zote mbili," mzee aliendelea, "ni wa babangu. Alikuwa katibu. Alikuwa mtu mwema nyumbani. Alikufa nikiwa sijamuuliza." Alisema amepigania miaka mingi ukurasa ule uandikwe sawasawa, na kamati yao kila mara inasema kitabu kipya kikichapishwa. Akatoa karatasi yenye majina kumi na moja kwa mwandiko wake mwenyewe, akaniomba niyaandike kwa Kiswahili, habari zao zote, hata kama sanduku limeshafungwa. "Angalau kwa lugha yenu iwe imesemwa," alisema. Kisha: "Ndiyo maana napenda majina yawe chini ya jiwe. Juu ya meza, mtu huyabadilisha."

Nilimshuku mtu yule tangu siku ya kwanza. Nilidhani anaficha jambo, na kweli alikuwa nalo, na amelileta mwenyewe hadi kwenye mkeka wetu. Mimi niliyekaa mbele yake ndiye niliyekuwa katibu wa orodha yenye pengo. Nilifungua mdomo nimwambie. Mamangu akasema, "Mwambie anywe kahawa, yapoa." Nikamwambia anywe kahawa.

Chumba kilikamilika kabla ya mvua za masika. Kilikuwa kizuri, chenye mabenchi na ndoana za kutungikia nguo, na jirani alituletea sinia la wali kwa furaha ya kuondokewa na wachezaji. Halafu mambo yakaanza kwenda mrama. Nahodha alivunjika mguu katika mechi isiyokuwa na maana yoyote. Winga wetu wa kulia akaachishwa kazi kiwandani. Beki wa kushoto mkewe alijifungua salama, lakini yeye mwenyewe akaumwa na mbwa, tena mbwa anayejulikana mtaa mzima kwa upole. Tukapoteza mechi tano mfululizo. Haya yote hutokea, na yalikuwa yakitokea hata tulipokuwa tukivulia nguo ukutani. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na pale kiwanjani lilikuwa linasemwa kila jioni.

Mwenzao mmoja tu hakuguswa. Ndugu yangu alikuwa anadaka kama hajawahi. Tukipigwa mbili, watu walijua bila yeye zingekuwa saba. Timu moja kubwa ya bara ikamwita majaribio. Hapo maneno yakapata miguu. Mbona yeye? Nani aliandika majina? Dadake. Nani alipeleka bahasha? Yeye mwenyewe. Amekula nyota za wenziwe. Nilimsikia muuza mihogo akilisema jambo hilo kwa mteja, aliponiona akaanza kupuliza makaa yaliyokuwa yanawaka vizuri tu.

Huku pwani tunajua maneno kama hayo humalizikia wapi. Kwanza hawakupi mkono. Kisha hawakupi pasi. Halafu siku moja mtu anakutwa amepigwa, na hakuna aliyeona. Ndugu yangu alianza kuvaa njumu zake peke yake kwenye pembe ya chumba kile kipya, na alipotungika nguo, ndoana za kulia na kushoto zilibaki tupu.

Wakataka sanduku lifunguliwe. Nilipinga. Nikasema ukuta utaanguka, nikasema tutamuudhi mfadhili, nikasema ni ujinga. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho kwa upole wake, akasema, "Bi Katibu, ule mkutano wa kwanza wewe ulisema hakuna kitu mle. Kama hakuna kitu, waogopa nini?"

Nilikuwa nikijua kitakachotokea: karatasi itafunguliwa, majina ishirini na moja yatasomwa, na la ishirini na mbili halimo. Hakuna mtu atakayesema dada alimpenda sana nduguye. Watasema tulijua, tukawafukia wenzetu, sisi tukajitoa. Na watakuwa sawa. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba katika shuku zote zilizowahi kuzunguka kiwanja kile, hii ilikuwa ya kweli. Niliwaza kumwambia ndugu yangu akimbilie bara mapema. Niliwaza kuwaambia wote. Kila siku nilijiambia kesho, na siku ya kuchimba ikafika.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Fundi alitoboa msingi kwa ubavuni, polepole, sanduku likatoka na saruji imeling'ang'ania. Watu walikuwa wengi, pamoja na mama wa wachezaji, na mamangu mwenyewe na kanga yake kichwani. Kifuniko kilipofunguliwa nilinyoosha mkono nipokee bahasha, kwa mazoea.

"Asome mwengine," alisema mama mmoja nyuma. Ndiye aliyenishonea nguo ya harusi.

Akapewa nahodha. Aliegemeza magongo yake ukutani, akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya muadhini. Jina, bin fulani, mamake fulani. Kila aliyesomwa alishusha pumzi au alishika kifua. Nilihesabu. Kumi na nane, kumi na tisa. Ndugu yangu alikuwa amesimama golini, mbali kidogo na wengine, kama siku hizo alivyozoea. Ishirini. Ishirini na moja.

Nahodha akaisogeza karatasi machoni. Nilifumba macho na kusema moyoni, ewe Mola, nichukue mimi, umwache yeye.

Kisha akasoma jina la ndugu yangu, na la mamangu.

Nilidhani amemhurumia, ameongeza kutoka kichwani. Nikamnyang'anya karatasi. Majina ishirini na moja kwa mwandiko wangu mweusi, mzuri, na chini yake, katika ile nafasi pana, jina moja kwa kalamu nyekundu, herufi zimelala kama za mtu aliyeandikia pajani. Mwandiko huo naujua. Nimeufundisha mimi.

"Mbona hili lina rangi yake?" aliuliza mwenyekiti.

Ndugu yangu alikuwa ameshasogea. "Kalamu ya dada ilikwisha wino," alisema.

Watu wakaguna, kisha wakaanza kuzungumza wote pamoja. Yumo. Na yeye yumo na wenzake, tena na mamake. Muuza mihogo alisema yeye siku zote alikuwa akisema hivyo. Beki wa kushoto alimwendea ndugu yangu, akampa mkono, na wengine wakafuata. Mama aliyenishonea nguo alikuja kunikumbatia akaniomba radhi, nami nikakumbatiwa nikiwa nimekauka kama kuni. Mwenyekiti akauliza tulichome au tulirudishe. Nahodha akasema lirudi, maana sasa limeshasomwa mbele ya kila mtu. Kabla fundi hajalehemu nilitoa mkobani ile karatasi ya watu kumi na moja, niliyoiandika kwa Kiswahili na sikuwa na pa kuiweka, nikamweleza mwenyekiti ni akina nani, nikaiweka juu ya kijitabu cha kijani. Muoka mikate nilimweka wa kwanza.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na ndugu yangu, mamangu akiwa mbele na wenzake. Nilisubiri aanze. Hakuanza. Tukapita duka la dawa, tukapita msikiti.

"Uliifungua," nilisema.

"Haikuwa na gundi. Nilitaka kuona mwandiko wako."

"Nilikuwa naogopa. Siamini mambo hayo, lakini niliogopa."

"Najua."

"Sasa mbona ukajiandika?"

"Wale ni timu yangu, dada," alisema. "Kama kuna kitu mle, kitupate sote. Ulitaka nibaki peke yangu?"

Nilijifuta uso kwa ncha ya leso. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, miezi yote ile, watu wakimnong'ona, wakimkimbia, na yeye anajua jina lake limo na angeweza kusema.

"Nilikuwa nakungoja useme wewe," alisema.

Tulikuwa tumefika mlangoni. Mamangu alitugeukia akauliza mbona tumechelewa, wali wapoa.